Mgonjwa Aulizwe Uji

Wazee wa zamani walituachia methali isemayo: «Mgonjwa haulizwi uji.» Maana yake ni njema. Ukimwona mwenzako amelala kwa homa, usimchoshe kwa maswali mengi. Pika uji, umpelekee, naye atakunywa. Methali hiyo ilitungwa na watu wenye huruma, nasi hatuthubutu kuidharau. Lakini leo, ndugu wasomaji, twataka kusema habari za mgonjwa mmoja ambaye hatuna budi kumwuliza uji, na kumwuliza mambo mengine mengi pamoja na uji. Huyo ni mgonjwa ambaye hatapona tena.

Jambo hili tulijifunza kwa kosa letu wenyewe. Basi yafaa tuanze kwa kuliungama.

MZEE WA KILIMANI

Juu ya kilima kimoja kinachotazama Mweso aliishi mzee mmoja, mjane, Mkristo wa siku nyingi. Tumboni mwake mlikuwa na uvimbe, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba hakuna dawa ya kuuponya. Wakamrudisha nyumbani kwa kipoyi, wakamlaza katika chumba cha nyuma, karibu na jiko, ili apate joto.

Sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu wakubwa na Wakristo wa shirika la mtaa ule, tulipanda kumtazama mara tatu katika majuma mawili. Kila mara tulifanya vilevile. Tulisali Rozari, tuliimba wimbo wa Mama Maria, tulimpa pole, tukashuka. Mzee alitazama ukuta, hakusema neno. Njiani tulisifu uvumilivu wake, tukawaambia wanafunzi: «Mmeona? Huyu ana subira ya Yobu. Hanung'uniki hata kidogo.»

Mkaza mwana wake ndiye aliyemlisha. Tulimwona akimshika kidevu na kumtia uji kinywani, kijiko kwa kijiko, na mzee akifunga midomo, na uji ukimtiririka shingoni. Mama yule alikuwa akilia. Alituambia: «Walimu, asipokula, majirani watasema nimemwua kwa njaa.» Nasi tukamjibu: «Jikaze, mama, endelea tu.» Ndilo shauri tulilompa.

Mara ya nne alifuatana nasi mwuguzi mmoja aliyejifunza kuwatunza wagonjwa wa namna hii. Hakukaa katika kiti alichowekewa. Aliketi chini, karibu na kichwa cha mgonjwa, akamshika mkono. Akasema: «Tate, nataka kukuuliza, nawe ukichoka kusema unijibu kwa vidole. Ukifunga ngumi, maana yake hakuna maumivu. Ukifungua vidole vyote vitano, maana yake maumivu hayavumiliki. Siku hizi tatu yamekuwa ya vidole vingapi?»

Mzee alitoa mkono wake chini ya blanketi, akafungua vidole vinne.

«Na moyo wako, Tate? Mashaka ya moyo ni ya vidole vingapi?»

Akafungua mkono wote.

Sisi tuliosimama mlangoni na rozari zetu tulitazamana. Mara tatu tulikuwa tumesali mbele ya mtu mwenye maumivu ya vidole vinne na mashaka ya vidole vitano, wala hatukujua, kwa kuwa hatukuuliza. Tulidhani kunyamaza kwake ni amani. Mambo yaliyofuata tutayasema mwishoni.

WAZEE WETU WAKO WAPI?

Katika Ulaya na Marekani wazee wengi wasiojiweza humalizia siku zao katika nyumba za wazee, ambamo wauguzi huwalisha, huwaogesha na kuwalaza. Katika nyumba iliyo njema kila mkaaji huandikiwa karatasi yake: anaumwa wapi, analala vipi, anakula nini, anataka kutendewa nini siku zake za mwisho zitakapofika. Karatasi hiyo hufunguliwa siku anapoingia, tena huandikwa upya kila hali yake inapobadilika. Waganga wengine hujiuliza swali moja fupi: «Je, tutashangaa mgonjwa huyu akifa mwaka huu?» Kama jibu ni kwamba hawatashangaa, basi wanajua kwamba wakati umefika wa kumwuliza haja zake, wasingoje saa ya mwisho.

Afrika ya Mashariki nayo ina nyumba za namna hiyo, ingawa ni chache. Huko Nalukolongo, katika Kampala, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha mwaka 1978 nyumba ya maskini, wazee na vilema, ambayo hutunzwa na Masista wa Msamaria Mwema. Marehemu Papa Fransisko aliitembelea tarehe 28 Novemba 2015, akaziomba parokia zote zisiwasahau maskini. Huko Kasarani, katika Nairobi, wapo Masista Wadogo wa Maskini na Nyumba ya Wazee yao. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, siku ile Jeanne Jugan alipomchukua mwanamke mzee kipofu na kumpa kitanda chake mwenyewe. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu mwaka 2009. Masista hao wana desturi ya kukesha kando ya mkaaji anayekufa, usiku na mchana, ili asiende peke yake.

Kwetu Mweso, nyumba ya mzee ni nyumba ya mwanawe. Katika Masisi na Walikale mtu hutaraji kufia kwa watoto wake, kama vita havikuwatawanya. Lakini sote twajua mambo yaliyotupata. Mwezi wa Januari 2024 mabomu yaliangukia Mweso yenyewe na kuua raia, na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya ua wa hospitali. Watu wanapokimbia, kijana hubeba mtoto, mama hubeba godoro na sufuria. Mzee asiyeweza kutembea hubaki, au hubebwa mgongoni hadi kambini, akalazwa chini ya turubai. Kwa hiyo mwuguzi wa wazee wetu ni mkaza mwana aliyechoka, au mjukuu wa miaka 12 aliyeachishwa shule, au mzee mwenzake ambaye mikono yake inatetemeka. Hao ndio tunaowaandikia. Kama elimu ya nyumba za wazee haiwezi kuingia katika kibanda chao, haitufai kitu.

MAUMIVU YANA MILANGO MINNE

Huko London alikuwako mwanamke mmoja jina lake Cicely Saunders. Alikuwa kwanza mwuguzi, kisha akajifunza udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa. Aliwasikiliza wagonjwa wengi, akafundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayaingii kwa mlango mmoja tu. Mlango wa kwanza ni mwili: uvimbe, kidonda, pumzi, kiu. Wa pili ni moyo: hofu, huzuni, haya ya kuogeshwa kama mtoto. Wa tatu ni jamaa: nani atalima shamba langu, nani atawalipia wajukuu karo, mbona mwanangu wa Goma haji? Wa nne ni roho: Je, Mungu amenisamehe? Je, maisha yangu yalikuwa na maana?

Ukifunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi, baridi huingia tu. Mwenye hofu kubwa huona maumivu ya tumbo yamezidi, na mwenye maumivu makali hawezi kusali. Ndiyo sababu padri peke yake hatoshi, wala daktari peke yake hatoshi.

Kuwatunza watu hivi si kukata tamaa. Ni kukubali kwamba, pale ambapo kuponya hakuwezekani, kazi ya kufariji imebaki, tena ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji utunzaji wa namna hii, na kwamba karibu 14 tu katika kila 100 ndio wanaoupata. Wengi wa wale wanaoukosa wanaishi katika nchi maskini kama zetu.

VIDOLE VYA MKONO MMOJA

Hesabu ya vidole ambayo mwuguzi yule aliitumia hakuibuni yeye. Chama kiitwacho APCA, chenye makao Kampala na kinachoshughulikia utunzaji huu katika Afrika nzima, kilitengeneza kipimo chenye maswali 10. Kilijaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na wa Afrika ya Kusini, na habari zake zikachapishwa mwaka 2010. Uzuri wake ni huu: hakitaki chombo wala kalamu. Asiyejua kusoma aweza kujibu, na aliyekaukiwa sauti aweza kujibu, maana kila mtu ana mkono. Ngumi ni sifuri, na mkono ulio wazi ni tano. Maswali huhusu siku tatu zilizopita.

Maswali saba ni ya mgonjwa mwenyewe. La kwanza, maumivu yake yamekuwa makali kiasi gani. La pili, kama mambo mengine ya mwilini yamemsumbua: kichefuchefu, kikohozi, kukosa choo, kukosa usingizi. La tatu, kama amekuwa na wasiwasi juu ya ugonjwa wake. Katika hayo matatu vidole vingi ni habari mbaya. La nne, kama ameweza kuwaambia jamaa au rafiki yale anayoyaona moyoni. La tano, kama ameona kwamba maisha yake yana thamani. La sita, kama amekuwa na amani. La saba, kama amepata msaada na shauri la kutosha ili jamaa zake wajiandae kwa siku zijazo. Katika haya manne vidole vingi ni habari njema. Ngumi ndiyo ya kutuhuzunisha.

Maswali matatu ya mwisho huulizwa wale wanaomtunza: kama wameelezwa vya kutosha, kama wanajiamini katika kazi ya kumtunza, na kama wana wasiwasi juu yake. Kama mkaza mwana wa mzee wetu angaliulizwa hayo, angalifungua mkono wote kwa swali la mwisho, na machozi yake yangalipata mtu wa kuyafuta.

Lakini kuuliza kuna adabu yake. Uliza kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, iwe Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili. Keti, usisimame juu yake kama askari. Mwulize faraghani, maana wazee wengi mbele ya watoto wao huinua kidole kimoja tu, wakificha vitatu, wasije wakawatia hofu. Methali yasema: «Mficha maradhi kilio humfichua», afadhali tumfichue sisi kwa upole kabla ya kilio. Kisha, baada ya siku tatu, uliza tena. Mtu aliyeulizwa mara moja tu amehesabiwa kama mbuzi. Aliyeulizwa mara kwa mara amekuwa rafiki.

YULE ASIYEWEZA KUSEMA

Pengine mtauliza: Itakuwaje kwa mzee ambaye akili zake zimepotea, asiyemjua hata mwanawe? Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hiyo haumwi. Sivyo. Anaumwa kama sisi, ila hana maneno ya kusema.

Mwaka 2003 huko Marekani wataalamu walitoa kipimo cha kuwatazama wazee hao. Macho huangalia mambo matano. Pumzi: je, inakwenda kwa shida au kwa haraka? Sauti: je, anaguna, analia, anapiga kelele ileile tena na tena? Uso: je, amekunja kipaji? Mwili: je, amekaza mikono, amekunja magoti, anasukuma watu? Na mwisho, faraja: ukimshika mkono na kumwambia maneno ya upole, je, anatulia? Kila jambo hupewa alama kutoka 0 mpaka 2, na jumla ya juu ni 10. Wakati mzuri wa kutazama ni pale anapogeuzwa au kuogeshwa, kwa sababu hapo maumivu yaliyojificha hujitokeza. Mjukuu mwenye macho mazuri aweza kufanya kazi hiyo, akampelekea mwuguzi habari ya kweli.

JE, NI DHAMBI KUTULIZA MAUMIVU?

Wako Wakristo wanaosema: «Bwana wetu aliteswa msalabani, basi na mgonjwa ateseke, astahili mbingu.» Wengine huogopa dawa kali, wakidhani ni namna ya kumwua mtu polepole. Kanisa limejibu zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa 12 aliwajibu madaktari waliomwuliza jambo hili. Alisema kwamba Mkristo hana wajibu wa kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba ni halali kuyatuliza kwa dawa, hata kama dawa ingemletea mgonjwa usingizi au kupunguza siku zake, mradi nia si kuua, njia nyingine haipo, na mgonjwa hakuzuiwa kutimiza wajibu wake wa dini na wa watu wake. Katekisimu nayo hulihesabu tendo la kuwafariji wanaokufa kuwa mapendo makubwa yasiyotafuta faida. Kuua kwa makusudi ni dhambi daima; kumpunguzia mtu maumivu ni kazi ya Msamaria.

Yesu alichukua msalaba wake kwa hiari. Sisi hatukupewa ruhusa ya kumtwika jirani msalaba ambao tungaweza kumpunguzia.

Dawa zenyewe zina ngazi. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilifundisha kupanda daraja kwa daraja: kwanza dawa kama parasetamoli, zisipotosha, dawa kama kodeini, maumivu yakizidi, morfini. Hupewa kwa kinywa kila inapowezekana, tena kwa saa zilizopangwa, usingoje mgonjwa alie. Wataalamu wamethibitisha kwamba morfini ikitolewa kwa kiasi kinachofaa, na aliyejifunza, haimwui mtu wala haimfanyi mlevi. Humfungia choo, kwa hiyo hufuatana na dawa ya kulainisha.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Kampala kazi iitwayo Hospice Africa Uganda. Huko hutengenezwa morfini ya maji kwa unga wa dawa na maji safi, na bei yake ni ndogo sana. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilikubali kwa sheria kwamba wauguzi na waganga wasaidizi waliofunzwa kazi hii waweze kuiandika wenyewe, kwa sababu madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi. Katika vijiji vya Kongo dawa hii mara nyingi haipatikani. Wakubwa wetu wa serikali na wa afya wana jambo la kufikiri hapo. Sisi wengine tusikae mikono mitupu tukingoja.

UJI, MAJI NA KITANDA

Yako mambo mengi ambayo nyumba maskini yaweza kuyafanya leo.

Juu ya chakula, mwili unaokaribia kufa haukitaki tena kama zamani. Mtu hafi kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha, uji waweza kuingia njia ya pumzi na kumpalia. Basi mwulize. Akitaka vijiko viwili, mpe viwili, amekaa wima. Akikataa, usimgombeze, nawe usijilaumu. Majirani wakinung'unika, waelezwe.

Juu ya kinywa: mate hukauka, midomo hupasuka, na kiu humtesa kuliko njaa. Chovya kitambaa safi katika maji, umfute midomo na ulimi mara kwa mara. Kazi hii mtoto wa shule aweza kuifanya, na thawabu yake ni kubwa.

Juu ya kitanda: asiyeweza kujigeuza ageuzwe karibu kila saa mbili, kulia, kushoto na chali, na mahali pa mifupa pawekwe nguo laini. Shuka likunjuliwe, lisiwe na makunyanzi wala unyevu. Hivyo vidonda vya kulala huzuiwa. Kidonda kikinuka, msimkimbie mgonjwa. Mwambieni mwuguzi: hutumia unga wa vidonge vya metronidazoli kunyunyiza juu yake, na harufu hupungua, na rafiki hurudi kuketi karibu.

Tena mzee asifichwe katika chumba cha nyuma kama hataki. Mwulizeni. Mwingine hutamani mlango, apate kuona ng'ombe wakirudi.

ROHO NAYO INA KIU

Tusingoje pumzi ya mwisho ndipo tumwite padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wale tu walio katika saa ya kufa. Mgonjwa aupokee akiwa na akili timamu, aungame kwa kinywa chake, ajibu sala mwenyewe. Kisha saa inapokaribia, apewe Komunyo ya mwisho, iliyo posho ya safari.

Lakini sala zetu zimpime mgonjwa. Rozari nzima kwa sauti kuu yaweza kuwa mzigo kwa mtu asiyepata usingizi. Pengine fungu moja kwa sauti ndogo latosha. Mwulizeni: «Tate, tusali sasa, au tukae kimya pamoja nawe?» Kukaa kimya pamoja na mtu nako ni sala.

Tena tusimdanganye. Tukimwambia «utapona» naye anajua moyoni kwamba hatapona, tunamwacha peke yake na siri yake. Mwulizeni anajua nini na anataka kujua nini. Mwenye deni apate kulisema, mwenye shamba aonyeshe mpaka, mwenye ugomvi aitiwe aliyegombana naye. Maiti ndiye asiyeulizwa sanda. Huyu yu hai bado.

MWISHO WA HABARI

Sasa turudi kilimani. Mwuguzi yule alipoona mkono wote umefunguliwa, aliuliza: «Ni mashaka gani, Tate?» Mzee akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha alisema, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba miaka mingi iliyopita yeye na mdogo wake waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakatengana kwa maneno mabaya, na mdogo alihamia upande wa Kalembe. Alisema: «Mimi ndiye niliyesogeza mawe. Nataka nimwambie.»

Mwanawe mkubwa alisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza siku ile. Jioni ile ile alitafutwa mtu wa pikipiki wa kupeleka habari.

Mwuguzi alimfundisha mkaza mwana kumgeuza na kumlowesha midomo, akamkataza kumlisha kwa nguvu, na daktari akaandika dawa. Baada ya siku tatu vidole vinne vilikuwa viwili. Padri alipanda, mzee akaungama na kupakwa mafuta. Alihamishwa sebuleni, kwa ombi lake, akilala kuuelekea mlango. Kila aliposikia pikipiki bondeni aliinua kichwa.

Siku zile njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Mdogo wake alifika akitembea kwa miguu, mavumbi mpaka magotini, siku moja baada ya maziko.

Mwana mkubwa alimwambia maneno ya baba yake, yote, pamoja na habari ya mawe. Yule mzee aliketi juu ya udongo mpya, asilie. Mwishowe alituuliza sisi tuliokuwapo: «Kaka alianza kulala lini?» Tukamwambia. Akauliza: «Na aliniita lini?» Tukamwambia. Akahesabu kwa vidole siku zilizokuwa katikati, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akarudia wa kwanza. Hakutulaumu. Hakuwa na habari kwamba katika siku zile tulikuwa tumekwisha kufika mlangoni mara tatu. Sisi ndio tuliojua, na hatukuwa na la kusema.

Tangu hapo, wanafunzi wetu wanapopanda kumtazama mgonjwa, hupanda wawili wawili tu, si umati. Mmoja hubeba maji na kitambaa safi. Wa pili hufundishwa kuketi chini, kungoja, na kuuliza. Rozari i mfukoni, nayo itatoka wakati wake.

Nanyi, wasomaji wapenzi, katika mtaa wenu yupo mzee amelala katika chumba cha nyuma. Nendeni leo, msingoje Jumapili. Mshikeni mkono, mkamwulize ni vidole vingapi.